Ng'ombe wa Ngelani: Jinsi Malalamiko ya Machakos Yalivyogeuka Madai ya Uhuru

Mwaka 1938 watu wa Machakos walidai ng'ombe wao. Hawakuomba bendera wala Bunge, na hawakumtaka gavana afunge virago arudi kwao. Walitaka mifugo iliyochukuliwa kwa nguvu irudishwe na minada ya lazima ikome. Waliandika barua na hati za malalamiko kwa lugha ya heshima, lugha ya raia wanaoamini kwamba mkubwa akielezwa vizuri atasikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Paul Ngei, mjukuu wa Masaku aliyeupa mji wa Machakos jina lake, alikuwa akichapisha gazeti la Kikamba liitwalo Wasya wa Mukamba, na pia jarida la Kiswahili lililoitwa Uhuru wa Mwafrika. Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta. Desemba 12, 1963, Kenya ikawa huru.

Kati ya ng'ombe wa 1938 na bendera ya 1963 kuna swali ambalo shule zetu hulipita haraka. Watu waliokuwa wakiomba nafuu ndani ya utawala wa kikoloni walifikaje mahali pa kuukataa utawala wenyewe? Wapo wanaosema bunduki za msituni ndizo zilizoleta mageuzi hayo. Wapo wanaosifu kalamu: maombi, magazeti, na mwishowe meza ya mazungumzo ya Lancaster House. Kisa cha Machakos kinaonyesha kwamba kila upande una sehemu ya jibu. Sehemu iliyobaki imo katika namna serikali ilivyowajibu watu waliokuja mbele yake wakiwa na madai madogo.

Vita visivyokuwa na mwandishi

Machakos ilitawaliwa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapo mwaka 1889. John Ainsworth alifika mwaka 1892 kuisimamia, na mji huo ukawa makao ya utawala kabla ya Nairobi kuchukua nafasi hiyo mwaka 1899. Wakamba hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1890 Mwana Muka wa Kangundo aliongoza watu wake dhidi ya ngome hiyo, na askari wa kampuni wakatumwa kumwadhibu. Ikafuata njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Iliua watu na mifugo, ikaacha nchi bila nguvu ya kusimama dhidi ya mtu yeyote.

Mwaka 1911 upinzani ulizuka tena, safari hii kwa sura ya ngoma na pepo. Siotune wa Kathuke, pamoja na Kiamba, waliwavuta watu wengi waliokataa amri za serikali, na maafisa wakawakamata na kuwahamishia mbali. Katika taarifa zao, maafisa hao waliliita tukio hilo wazimu.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa mapambano ya mwanzo. Watu walikuwa na ujasiri na walikuwa na sababu, lakini hawakuwa na maandishi yao wenyewe. Aliyewashinda ndiye aliyeandika habari zao. Mwana Muka akaandikwa kama mkorofi na Siotune kama mwenda wazimu, na sababu zilizowasukuma hazikuvuka mto Athi. Kila kijiji kilipigana peke yake na kushindwa peke yake, na kizazi kilichofuata hakikurithi hoja yoyote iliyoandikwa.

Kalamu inafika Ukambani

Kalamu ilikuja kwa njia ambayo wakoloni hawakuiogopa. Africa Inland Mission, chini ya Peter Cameron Scott, ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920. Serikali nayo ikaanzisha shule Machakos wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Polepole likatokea tabaka la wasomi: makarani, wakalimani, walimu wa misheni, mafundi na polisi. Ngelani, katika milima ya Iveti, ilikuwa na watu wengi wa aina hiyo. Walisoma, walilima kwa plau, waliuza mazao sokoni, na walifuga ng'ombe wengi.

Nairobi ilikuwa imeshaonyesha barua inavyoweza kutumika. Julai 1921 Harry Thuku na wenzake walituma simu ya maandishi moja kwa moja London kupinga kipande (hati ambayo kibarua alilazimishwa kuibeba), kodi na kupunguzwa kwa mishahara, wakiwaruka maafisa wote waliokuwa juu yao. Thuku alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kumdai ukapigwa risasi Machi 16. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mwaka 1928 Kikuyu Central Association (KCA) ilianzisha gazeti la Muigwithania, Kenyatta akiwa mhariri. Sasa Waafrika wa Kenya walikuwa na chombo chao cha kuchapisha walichofikiri.

Jambo moja husahaulika hapa. Katika miaka hiyo waliodai kujitawala kwa sauti kubwa zaidi Kenya walikuwa walowezi wa Kizungu. Walitaka wajitawale wenyewe, London isiwaingilie, na Waafrika wabaki vibarua. Mwaka 1922 na 1923 baadhi yao walipanga hata kumteka gavana. Tamko la Devonshire la 1923, kutoka serikali ya London, liliwazuia kwa kusema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza. Serikali haikuitekeleza ahadi hiyo kwa uaminifu, lakini ilikuwa imeandikwa, na neno lililoandikwa na mtawala huweza kutumiwa na mtawaliwa.

Mwaka wa ng'ombe

Tuwe wa haki: ardhi ya Machakos ilikuwa na shida ya kweli. Mmomonyoko ulichimba makorongo, malisho yalikuwa yamekwisha, na ukame wa miaka ya 1930 ulizidisha balaa. Walichotofautiana watu na serikali ni sababu ya shida hiyo. Maafisa walisema Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Wakamba walisema wamebanwa. Vilima vya Mua vilikuwa mikononi mwa walowezi, na nyika ya Yatta, walikozoea kulisha, ilikuwa imetangazwa mali ya serikali. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilitoa ripoti yake mwaka 1934 bila kuwarudishia walichokitarajia.

Serikali ikachagua dawa moja, kupunguza mifugo kwa lazima. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, ikihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Mifugo ilihesabiwa, waliokubaliwa kubaki wakapigwa chapa, na waliosalia wakachukuliwa na kupelekwa mnadani, ambako bei ilikuwa ya kumuumiza mwenye mali. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa, na nguvu ya kuvuta plau. Watu wakajiuliza kama lengo lilikuwa kuuponya udongo au kukilisha kiwanda.

Ndipo likaundwa shirika la Ukamba Members Association, na Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani akawa kiongozi wake. Muindi alikuwa amewahi kuwa polisi, aliijua serikali kutoka ndani, na alijua kuzungumza na umati. Shirika lilifanya mambo mawili kwa pamoja, na humo ndimo ilimokuwa nguvu yake.

La kwanza lilikuwa kuandika. Hati za malalamiko zilipelekwa kwa serikali Nairobi na kwa Waziri wa Makoloni London. Isher Dass, mbunge wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasemea barazani. Viongozi wa KCA walisaidia kwa ushauri. Kenyatta, akiwa Uingereza, aliwaandikia wahariri wa magazeti ya huko, na maswali yakaulizwa katika Bunge la Uingereza.

La pili lilikuwa kutembea. Mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 50, wakapiga kambi Kariokor wakitaka kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Walikaa kwa wiki kadhaa bila fujo. Mwishowe gavana mwenyewe alilazimika kwenda Machakos mwezi Agosti kuzungumza nao barazani.

Barua peke yake ingelala kwenye faili, na watu waliokaa chini Kariokor bila barua wangeitwa wahuni. Vilipokwenda pamoja, London ililazimika kuuliza kinachoendelea. Kulikuwa pia na hofu ambayo serikali haikuitangaza kwa sauti. Wakamba walikuwa wakitoa askari wengi wa King's African Rifles na polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vikinukia. Serikali ya kikoloni haikuweza kuwakasirisha baba za askari wake.

Kabla ya mwaka kwisha, upunguzaji wa lazima ulisitishwa. Wakamba walikuwa wameshinda.

Jibu lililofundisha zaidi ya ushindi

Lakini serikali iliyosalimu amri kuhusu ng'ombe haikusalimu amri kuhusu sauti. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na watu wake na lugha yake. Mwaka 1940, vita vikiwa sababu iliyotajwa, Ukamba Members Association ilipigwa marufuku pamoja na KCA na Taita Hills Association.

Tulitazame tendo hilo kwa makini. Watu walikuwa wamefuata njia ambayo serikali yenyewe iliisifu: waliandika kwa adabu, walikusanyika kwa amani, walisubiri. Serikali ikakubali kwamba walikuwa na hoja, kwa maana ilibadilisha sera. Papo hapo ikamwadhibu aliyeileta hoja na kulifuta shirika lililoiandika. Somo lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na macho. Nafuu inayotolewa kwa hisani ya mtawala hupokonywa kwa hasira ya mtawala. Aliyepewa ng'ombe wake bila kupewa haki ya kusema hana hakika na ng'ombe hao mwaka ujao.

Hivyo ndivyo swali lilivyobadilika. Mwaka 1938 watu waliuliza idadi gani ya ng'ombe ni halali. Baada ya Lamu na baada ya 1940, swali likawa nani ana haki ya kuamua. Swali la kwanza linaweza kujibiwa na mkuu wa wilaya mwenye huruma. La pili halijibiwi ila na watu wenyewe.

Mambo hayakuwa tofauti Marekani zaidi ya karne mbili zilizopita. Risasi za kwanza za Lexington na Concord zililia Aprili 19, 1775, lakini walowezi wengi wa makoloni yale 13 bado walitaka wabaki raia wa mfalme wakiwa na haki zao. Julai mwaka huohuo bunge lao lilimwandikia Mfalme George III hati ya kuomba suluhu. Mfalme alikataa kuipokea, akawatangaza waasi. Januari 1776 Thomas Paine alitoa kijitabu chake Common Sense, akisema kwa lugha ya mtu wa kawaida kwamba tatizo lilikuwa ufalme wenyewe. Miezi sita baadaye, Julai 4, tangazo la uhuru likapitishwa. Mapigano yalikuwa yamevunja mazoea, jibu la mfalme likavunja imani, na kijitabu kikawapa watu maneno ya kulisema jambo ambalo mioyo yao ilikuwa imeanza kulikubali.

Ulinganisho huo una mpaka wake. Waasi wa Marekani walikuwa walowezi waliokuwa na mabunge yao, matbaa zao na silaha zao, na wengi wao waliwamiliki Waafrika kama watumwa. Mkamba wa 1938 alikuwa mwenye nchi aliyebanwa katika nchi yake, bila mbunge wake mwenyewe. Lakini mpangilio wa hatua ni uleule: ombi, kukataliwa, maandishi yanayotoa maana ya kukataliwa huko, kisha dai jipya.

Magazeti yaliyounganisha vilio

Vita vya Pili vya Dunia viliwapeleka vijana wa Ukambani hadi Burma. Walipigana kwa jina la uhuru wa mataifa mengine, wakarudi nyumbani kwenye kipande na ubaguzi. Mwaka 1944 kiliundwa chama kilichokuja kuitwa Kenya African Union (KAU), na Kenyatta akakiongoza kuanzia 1947. Magazeti ya Waafrika yakachipuka. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945 na kuandika vijitabu vya kuwashauri watu wake. Achieng Oneko alikuwa na Ramogi. KAU ilikuwa na Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili. Bildad Kaggia aliandika katika Inooro ria Gikuyu. Machakos nayo ikapata sauti yake kwa Ngei.

Magazeti haya yalifanya kazi ambayo hotuba haikuiweza. Kwanza, yaliunganisha malalamiko. Mkamba aliyenyang'anywa ng'ombe alisoma habari za Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba, na za Mtaita aliyebanwa kati ya mashamba ya mkonge, akaona kwamba mkono ni mmoja. Pili, yaliweka kumbukumbu. Kilichotokea Kariokor hakikuishia kuwa hadithi ya wazee wa Ngelani, kikawa mfano wa kutolewa hoja. Tatu, yalizoeza watu fikra ya kujitawala. Jambo lililosomwa kila wiki, kwa sauti, kwenye duka la chai, na mmoja akiwasomea kumi wasiojua kusoma, lilikoma kuwa ndoto ya wachache.

Serikali ilielewa hivyo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalifungwa. Muoria, aliyekuwa London wakati huo, hakuweza kurudi nyumbani, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1997. Watazame pia wale sita waliohukumiwa Kapenguria Aprili 1953: Kenyatta, Ngei, Kaggia, Oneko, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Angalau wanne kati yao walikuwa wamehariri au kuendesha magazeti. Katika kuwatafuta viongozi wa vita, serikali iliwatia mbaroni waandishi.

Msitu, matuta na hesabu ya mwisho

Vita vya Mau Mau, uasi wa silaha dhidi ya utawala wa Kiingereza, vilipiganwa zaidi katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wala si katika vilima vya Iveti. Kiapo kilifika kwa baadhi ya Wakamba waliofanya kazi Nairobi, na serikali ilishtuka kwa sababu ileile ya 1938, kwamba jeshi na polisi vilijaa Wakamba. Ikajitahidi kuishika Machakos kwa fedha za mabwawa, matuta na maendeleo ya kilimo. Kwa hiyo si kweli kwamba Machakos ilikaa pembeni. Nafuu iliyoipata katika miaka ya 1950 ilitokana na damu iliyokuwa ikimwagika kwingine, na pia kumbukumbu ya serikali kuhusu yale yaliyotokea Kariokor. Risasi za msituni zilifanya utawala wa nguvu uwe ghali mno kwa Uingereza. Kalamu ilikuwa imeshawaeleza watu, na hata baadhi ya Waingereza, kitakachochukua nafasi yake. Mazungumzo ya Lancaster House yaliyoanza 1960 yalijengwa juu ya yote mawili.

Na ule udongo uliotumiwa kuwa sababu ya kuchukua ng'ombe? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa utafiti mkubwa kuhusu Machakos, uitwao More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa wilaya iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Wakulima walichimba matuta, mengi yakiwa ya fanya juu, yaani ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, kwa kazi ya pamoja ya mwethya, wakapanda miti na kuuza mazao sokoni. Hali ya hewa haikubadilika kuwa njema zaidi. Wataalamu walitoa ushauri, na baadhi ya ushauri huo ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kilichokosekana mwaka 1938 ni ridhaa ya wenye shamba.

Hili ndilo jibu zito kuliko yote kwa wale waliodai kwamba Mwafrika hawezi kuitunza nchi yake bila kuamriwa. Hoja ambayo Muindi Mbingu na wenzake waliiandika kwa maneno, wakulima wa Machakos waliithibitisha kwa jembe.

Hukumu

Nikirudi kwenye swali nililoanza nalo, naona hivi. Mapambano ya mwanzo yaliwafundisha watu wasiogope, lakini bila maandishi yalisahauliwa au yalichafuliwa jina. Maandishi ya mwanzo yaliwapa hoja, lakini bila umati yalipuuzwa. Vilipokutana Kariokor mwaka 1938 vilishinda, na adhabu iliyoandamana na ushindi huo ikawaonyesha watu mpaka wa kuomba. Kutoka hapo njia ya kudai uhuru ilikuwa wazi, na waandishi wa miaka ya 1940 waliwasha taa juu yake. Serikali ya kikoloni ilijichongea yenyewe kwa kuwajibu watu wapole kana kwamba ni maadui.

Leo barabara ya Muindi Mbingu inapita katikati ya Nairobi, na maelfu huipita kila siku bila kujua aliyepewa heshima hiyo ni nani. Walimu wa Machakos wana kazi ya kufanya hapo, na familia zenye barua na magazeti ya miaka ile zina wajibu wa kuyatoa yahifadhiwe kabla mchwa hawajayamaliza. Viongozi nao wana lao. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma, kwa amani na bila silaha. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Ngelani mwaka 1938, wakati hapakuwa na katiba ya kuwalinda. Anayepokea malalamiko ya wananchi leo, awe mjini Machakos au Nairobi, na ayasome, ayajibu, na asimwadhibu aliyeyaleta.